Mwizi Aliyetengeneza Redio

Siku ya Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, katikati ya meza ya Wumpini Abukari palionekana mstatili mmoja safi usio na vumbi. Hapo ndipo ilipokuwa kompyuta. Sasa haikuwapo.

Inspekta Sefakor Tamakloe wa kituo cha polisi cha Ashaiman aliinama, akautazama mstatili ule kama mtu asomaye barua, kisha akainua macho.

"Kufuli?"

"Zima, Afande," akajibu Koplo Dery. "Halikukatwa wala kupindwa."

"Dirisha?"

"Lina nondo. Hata paka angefikiri mara mbili."

Karakana ya Alhaji Neindow ilikuwa banda refu la mabati, nalo lilijaa kompyuta zilizokufa. Zilishuka bandarini Tema kutoka maofisi ya ng'ambo, zikitupwa huko kama takataka, na hapa zilifunguliwa, zikasuguliwa, zikapandikizwa viungo vya wenzao, nyingi zikafufuka. Alhaji mwenyewe, mzee wa miaka sabini mwenye kofia nyeupe na joho la buluu, alikaa kimya kwenye kiti chake karibu na ukuta wa nyuma, pale palipopangwa madumu ya maji. Fundi mkubwa kuliko yeye hakuwapo katika mji ule, na hakuna aliyebisha.

Inspekta alimgeukia Wumpini, msichana aliyesimama mbele ya meza ile, bisibisi mkononi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, naye hakulia.

"Ieleze hiyo kompyuta."

"Ni dumu, Mama Inspekta."

"Nimeuliza kompyuta."

"Ndiyo hiyo. Nimeiunda ndani ya dumu la mafuta la manjano, la lita ishirini. Nimelikata ubavuni, nikalitia bawaba. Ubao mama umetoka kwenye mashine ya benki, feni kwenye mashine ya hospitali, diski sijui ya marehemu gani. Maiti kumi na moja, mzima mmoja."

"Sokoni ina thamani gani?"

"Sokoni watakucheka. Lakini kesho saa nne halmashauri ya chama cha mafundi inakuja kuikagua. Ikiwaka, Alhaji ananiachia huru mbele ya watu, uanafunzi umekwisha, nami ni fundi kamili. Miaka mitano nimeingoja siku hiyo."

"Isipowaka?"

"Isipokuwapo, hakuna kuachiwa. Halmashauri haikai tena mpaka mwakani mvua zikiisha. Na mwenye chumba cha duka kule Tamale amenishikia mpaka Jumatatu tu. Mama yangu ameshawaambia watu wote. Hata wasiouliza."

Inspekta aliandika. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa kusomeka, kwa maana aliamini kwamba nusu ya makosa ya polisi huanzia kwenye mwandiko mbaya.

"Funguo za banda?"

"Tatu. Wa Alhaji, wangu, na wa Selasi."

Aliyeitwa Selasi alikuwa kijana mrefu aliyeegemea mlango, naye kwa kusikia jina lake aliacha kuegemea.

*

Mlinzi wa mtaa, Atanga, aliletwa akipiga miayo. Alikuwa Mfrafra, na Koplo Dery alikuwa Mdagaba, na makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za mababu, kila moja likilisema jingine kwa kula mbwa. Kwa hiyo mahojiano yalianza vibaya.

"Ndiyo huyu mlinzi?" Koplo akauliza. "Afande, tumekwisha. Huyu akiona kichwa cha mbwa jikoni kwa mtu, hata banda likibebwa zima hageuki."

"Nyamaza wewe mtumwa wangu," akajibu Atanga, usingizi ukimtoka. "Nani alimla mbwa wa baba mkwe wake, kisha akaenda kumsaidia kumtafuta? Si mjomba wako?"

"Alimpata?"

"Angempataje, naye amembeba tumboni?"

"Mmemaliza?" Inspekta akauliza. Sauti yake haikupanda, lakini wote wawili walisimama wima.

"Samahani, Mama," akasema Atanga. "Jana karakana ilifungwa saa kumi na moja jioni. Saa kumi na mbili ikashuka mvua, na ile haikuwa mvua ya mchezo. Ikapiga mpaka saa mbili. Mimi nilikuwa kibandani kwangu."

"Uliona mtu?"

"Mtu sikuona. Niliona mwanga chini ya mlango wa banda hili. Nikajua ni Wumpini, maana siku hizi hilo dumu lake analilea kama mtoto mchanga. Mvua ilipokatika nikaja kumsalimu. Taa ilikuwa imezimwa, kufuli mahali pake."

"Ulikutana na mtu njiani, mwenye mzigo?"

"Hata mwenye mfuko wa njugu sikumkuta."

Wumpini alitikisa kichwa. "Sikuwa mimi. Nilikuwa kwa shangazi, nasukwa nywele za kesho." Naam, nywele zilikuwa shahidi.

*

Selasi Kpodo alihojiwa akiwa amesimama.

"Umejifunza hapa miaka mingapi?"

"Sita."

"Wumpini mitano. Na anaachiwa kabla yako."

"Najua kuhesabu, Mama."

"Nimeambiwa juma lililopita ulimtishia mbele ya watu. Ulisema nini?"

Kijana alimeza mate. "Nilisema tutaona kama huyo binti atatoka hapa kabla yangu."

"Ukamaanisha nini?"

"Nilimaanisha nimekasirika! Mtu akikasirika husema. Mimi ni mkali wa mdomo tu. Jana jioni nilikuwa mazoezini, kwaya ya kanisa. Mvua ikatufungia huko."

"Mpaka saa mbili?"

"Mimi... nilitoka mapema kidogo. Saa kumi na mbili na nusu."

"Katika mvua ile?"

"Wenzangu wa sauti ya nne, ya besi, waliniambia naimba kama beberu. Nikaondoka."

"Nani alikuona njiani?"

"Mvua yote ile, nani anione?"

Koplo Dery alifungua pingu kiunoni. Zililia kidogo. Selasi akayageuza macho kumwelekea Alhaji Neindow kama mtoto amtazamavyo baba yake. Mzee akafumbua kinywa, halafu akakifumba, akatazama sakafu.

Jambo lile Inspekta Tamakloe aliliona, akalitia moyoni. Bwana wa karakana asiyemtetea kijana aliyekaa naye miaka sita, ama anamjua kuwa ni mwizi, ama anajua zaidi ya hapo.

"Rudisha pingu, Koplo. Andika kwanza maelezo yake."

Koplo alitafuta mahali pa kukaa. Akaona madumu yale ya maji kando ya ukuta, kumi na mawili, yamefunikwa gunia bichi. Akakunja suruali magotini, akajiandaa kukalia la mwisho.

"Mwanangu!" Alhaji alishtuka akanyanyuka. "Hapana, hapana. Chukua kiti changu."

"Hapana, Alhaji. Nitakaaje nawe umesimama?"

"Kaa, nakwambia. Mtu wa serikali hakai juu ya dumu."

Koplo akakaa kwa haya, kwa kuwa alilelewa vizuri licha ya utani wake. Mzee wa miaka sabini akasimama. Inspekta akaendelea kuandika, lakini kalamu ilikwenda taratibu zaidi.

*

Saa tatu kamili aliingia Hajia Asibi, muuza wali wa kunde wa ng'ambo ya barabara, mama mnene mwenye sauti ya kuita wateja.

"Polisi karibuni, chakula kipo. Selasi! Redio yangu! Wiki tatu sasa! Watu wanakufa Ashaiman hii, matangazo ya msiba yanapita, nami nimekaa kama kiziwi. Nitamzika nani mimi?"

"Hajia, si leo," Selasi akasema kwa unyonge. "Redio yako imenishinda. Ichukue tu. Tumeibiwa hapa."

"Nani kaiba redio mbovu?"

"Ipo. Ile pale mezani."

Hajia aliiendea, akaichukua kwa hasira, na kwa mazoea ya mtu aliyekata tamaa akazungusha kitufe.

Redio ikaimba.

Vichwa vyote bandani vikaigeukia.

"Haya!" Hajia akasema. "Kumbe imepona, na mtoto huyu anataka kuninyima!"

Selasi alikuwa ameachama. "Jana saa kumi na moja ilikuwa imekufa. Nimeifungua mara nne. Wumpini naye kaifungua."

"Mara mbili," Wumpini akakiri. "Sikuona kitu."

"Nani kaitengeneza?" Inspekta akauliza.

Alhaji Neindow alikuwa akilipangusa vumbi joho lake.

Inspekta Tamakloe alizima redio ile. Kisha akasimama muda, mkono juu yake. Mtu aliingia humu jana jioni kuiba. Mvua ikamkuta ndani. Kompyuta haibebwi katika mvua. Mwizi huyu alilijua hilo, akangoja. Saa mbili nzima alikaa hapa, taa inawaka, mbele yake redio iliyokufa. Mwizi wa kawaida angevuta sigara. Huyu mikono ilimwasha.

"Hajia," akasema, "niazime redio yako kwa nusu saa. Alhaji, tafadhali mpeleke mama huyu akanywe maji, nje. Wewe Wumpini, ifungue."

Skrubu nne zikatoka. Wumpini akashika lenzi, akainamisha uso mpaka pua ikakaribia ubao wa saketi. Alikaa hivyo kitambo.

"Mama Inspekta. Hapa."

"Nini?"

"Koili ya antena. Uzi wake mmoja ulikatikia ndani, chini ya nta, mahali pasipoonekana. Ndiyo maana hatukuona. Aliyejua alijua kwa kusikiliza. Amekwangua nta, amelehemu upya." Akasita. "Lakini tazama lehemu yenyewe."

Inspekta alitazama. Hata yeye, asiye fundi, aliona: donge kubwa la lehemu, limekaa kando, limechuruzika hadi kwenye nyaya za jirani.

"Kazi mbaya?"

"Mwanafunzi wa mwezi mmoja angechapwa kofi kwa hii," Selasi akasema.

"Lakini ugonjwa wenyewe," Wumpini akasema polepole, "hakuna mwanafunzi angeuona. Mimi sikuuona. Akili hii na mkono huu haviwezi kuwa vya mtu mmoja."

"Vinaweza," Inspekta akasema. "Funga redio. Na mimi nikisema neno la kipumbavu, msinisahihishe."

*

Alhaji aliitwa ndani, akaja akiupapasa mwimo wa mlango kwa vidole.

"Alhaji, maelezo yako nimeyaandika. Umesema jana ulisali magharibi msikitini, mvua ikakuzuia huko mpaka isha. Yasome, utie sahihi."

Mzee aliipokea karatasi. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Miwani nimeiacha nyumbani, binti yangu. Nisomee."

Miwani ilikuwa mfukoni mwa joho lake, mkono mmoja umechungulia nje. Inspekta hakusema neno juu yake.

"Nitakusomea. Kuna jambo dogo la redio kwanza. Uliwahi kuigusa?"

"Sijaigusa. Redio ni za Selasi."

"Vema. Basi niandike kwamba ni Selasi aliyeitengeneza jana jioni, naye ndiye mwizi. Ameniambia ugonjwa ulikuwa kapasita ya spika, akaibadilisha."

Selasi aliuma mdomo. Wumpini alitazama dari.

"Kapasita?" Alhaji akasema.

"Kapasita ya spika. Naandika hivyo kwenye jalada."

"Selasi kasema kapasita?" Uso wa mzee uliwaka. "Baada ya miaka sita? Kapasita ingeanza kwa kuvuma! Ile ilikuwa kimya, na ukiigonga ubavuni inatoa pumzi kidogo, hivi, *fff*. Hiyo ni koili ya antena, imekatika chini ya nta! Nani kamfundisha huyu..."

Akanyamaza. Maneno yalikwisha kutoka, na hakuna chombo katika karakana ile kilichoweza kuyarudisha.

"Redio ambayo hukuigusa," Inspekta akasema.

Koplo Dery aliinuka kitini taratibu, kana kwamba kiti kimepata moto.

"Mzee wa heshima zako," Inspekta akaendelea, "alimpa koplo kiti chake ili asikalie dumu. Koplo, ondoa gunia."

Gunia likaondolewa. Madumu kumi na moja yalikuwa na maji. La kumi na mbili, lililoelekezwa ukutani, lilikuwa na bawaba ubavuni, nalo lilifungwa kwa mifuko mitatu ya nailoni, kila mmoja umekazwa kwa uzi, kwa uangalifu wa mtu anayemfunga mtoto nguo za baridi.

Wumpini alipiga magoti akalikumbatia. Kisha akainuka, na mara hii machozi yalikuwapo, lakini yalikuwa ya hasira.

"Baba! Wewe?"

Alhaji Neindow alikaa juu ya kiti kilichoachwa na Koplo. Alionekana amepungua.

"Mimi. Andika, Inspekta. Kabla ya magharibi nilikuja kulichukua, nilipeleke nyumbani. Mvua ikashuka. Nikawaza, mvua hii italiua dumu la watu. Nikakaa. Redio ikawa inanitazama."

"Redio haina macho, Alhaji," Koplo akasema.

"Wewe si fundi. Mvua ilipokatika nikamsikia Atanga anakohoa mtaani. Nikaliingiza dumu katikati ya wenzake, nikafunga mlango, nikapitia njia ya nyuma ya banda. Nilitaka kurudi alfajiri. Huyu binti akanitangulia."

"Sababu?"

Mzee alitoa miwani mfukoni, akaitazama bila kuivaa.

"Mtoto wa jicho. Macho yote mawili, mwaka wa pili sasa. Nyaya naziona kama nywele zilizo majini. Kazi ndogo zote nampa Wumpini, nasema namfundisha. Ukweli ni kwamba yeye ndiye anayeniazima macho. Wateja wanasema mkono wa Alhaji haujazeeka. Mkono upi? Ni wa huyu! Akienda Tamale, wiki ya kwanza mji mzima utajua. Nilitaka mwaka mmoja tu. Mmoja tu zaidi."

"Ungeniambia," Wumpini akasema.

"Nikwambie nini? Kwamba mwalimu wako anapapasa?"

"Ndiyo! Ungeniambia hivyo hivyo! Na hospitali ya macho?"

"Daktari ameniita mara tatu."

"Na?"

"Wana kisu."

Wumpini alimtazama, na hasira yake, pasipo kumwomba ruhusa, ikaanza kuteleza. "Alhaji Neindow. Unafungua mashine arobaini kwa wiki, na unaogopa kufunguliwa mara moja?"

"Mashine hazioni kinachokuja," akasema mzee.

Hajia Asibi, aliyekuwa amerudi na kusikia yote mlangoni, aliangua kicheko, na Koplo akageukia ukuta mabega yakimtetemeka.

Inspekta Tamakloe hakucheka. "Kuna neno halijasemwa," akasema. "Alhaji, koplo wangu alitoa pingu mbele ya kijana huyu. Ulinyamaza."

Hilo ndilo lililokuwa kosa kubwa kuliko dumu, na mzee alilijua. Alisimama. Akavua kofia yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona humo bandani, akainamisha kichwa chenye mvi mbele ya Selasi.

"Mwanangu, nilikuuza. Nisamehe."

Selasi alishikwa na fadhaa kuliko aliposhikwa na tuhuma. "Vaa kofia, Alhaji. Tafadhali. Nimekusamehe, vaa tu. Ila hiyo kapasita, kila mtu ajue sikuisema mimi."

"Mlalamikaji," Inspekta akasema, akimgeukia Wumpini. "Mali ni yako. Sheria inakuuliza unataka nini."

"Nataka kesho saa nne."

"Hilo si jibu la kisheria."

"Basi naondoa mashtaka. Kwa sharti Jumatatu aende hospitali. Selasi atampeleka, hata kwa pingu."

"Pingu za kuazima zipo," akasema Koplo.

Inspekta alimpa kalamu na karatasi. "Andika kwa mkono wako, kwa maneno yako. Mwandiko wa kusomeka."

*

Jumamosi saa nne halmashauri ya chama cha mafundi ilikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya banda. Wumpini aliunganisha dumu lake na betri ya gari, akabonyeza kitufe. Feni ya hospitali ikazunguka, ubao wa benki ukaamka, na diski ya marehemu asiyejulikana ikaanza kusoma. Kioo cha skrini kilichounganishwa na dumu kikajaa nuru. Mama yake aliyetoka Tamale kwa basi la usiku alipiga vigelegele kabla hajaelewa kilichotokea, kisha akavipiga tena baada ya kuelewa.

Ikaja zamu ya cheti. Kwa desturi, bwana wa karakana hukisoma kwa sauti, hukitia sahihi, kisha humkabidhi mwanafunzi. Alhaji Neindow alikishika kwa mikono miwili. Watu wakangoja. Inspekta Tamakloe, aliyekuja akiwa amevaa sare kwa kuwa alikuwa zamu, alimwona mzee akikisogeza mbali, kisha karibu.

"Mabwana," Alhaji akasema, "hiki siwezi kukisoma. Macho yangu yamekufa nusu. Miaka miwili mmesifu mkono wangu. Mkono mliousifu ni wa huyu. Basi akisome mwenyewe."

Minong'ono ikapita, kama upepo katika mabati. Mwenyekiti wa chama alifungua kinywa kusema jambo la utaratibu, lakini mkewe akamgusa goti.

Wumpini akasoma. Akasoma jina lake, na jina la baba yake, na miaka mitano, na kazi zote alizohitimu, sauti ikipanda kadiri alivyoendelea, hadi mstari wa mwisho uliokuwa mtupu. Hapo akachukua kalamu, akaitia mkononi mwa mzee, akakiongoza kidole chake mpaka mwanzo wa mstari.

"Hapa, Baba."

Alhaji akatia sahihi. Iliupita mstari, ikapanda mlima, ikashuka bondeni, lakini kila herufi ilisomeka. Akatafuta kopo la poda ya kuwapongeza wahitimu alilowekewa pembeni, akamwaga lote kwa furaha kichwani kwa mwanafunzi wake, na robo yake ikaangukia sare ya Inspekta, ambaye hakuipangusa.

Wumpini bado alikuwa ameushika mkono wa mwalimu wake. Mzee akaufungua mkono wa binti, kidole kimoja kimoja.

"Umekuwa fundi," akasema. "Nenda zako."